Kipimo cha Pili

Mama hakumpima mteja mara moja tu. Akishazungusha utepe na kuandika, anaanzisha porojo: watoto, magoti yanayouma, mume anayekoroma. Mabega ya mteja yakishuka, anampima tena, na hicho ndicho kipimo anachokatia kitambaa. Alijifunza kwa aibu. Bibi harusi mmoja alibana pumzi wakati wa kupimwa, na siku ya kujaribu gauni zipu ikaachia hadi kiunoni, wakwe wametoa macho.

Tangu hapo akawa anawasoma watu. Anayekumbatia mkoba hapendi mwili wake, usimtajie kiuno. Anayeelekeza vidole vya miguu mlangoni ana hofu, mpe kiti. Wengine walilia palepale, pini zimewaning'inia, na Mama akangoja nao.

Yote haya alimfundisha mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, kwa miaka sita katika chumba kile cha cherehani mbili.

"Usimuulize mtu maswali," alimwambia. "Wewe ngoja, mwili utasema wenyewe."

Mama mdogo alikuwa mwepesi wa kushika. Tulimjivunia, wajinga sisi.

Mkataba wa chumba ulikuwa kwa jina la Mama. Wateja walikijua chumba kile kwa miaka ishirini. Akikipoteza, anaanza upya na macho yake yamechoka.

Asubuhi moja simu iliita: bibi yangu, aliyelazwa siku nne, ametoka salama kwenye upasuaji. Mama akaketi, akashusha pumzi ya siku nne. Palepale mama mdogo akatoa karatasi mkobani.

"Dada, weka sahihi hapa. Ni ile ya kila mwaka ya mwenye nyumba."

Mama akaweka, anacheka na kulia kwa pamoja. Hakusoma hata mstari mmoja.

Hapa ndipo damu inaponichemka. Karatasi ile ilimwachia mdogo wake chumba. Mtu na akili zake timamu alikaa siku nne na karatasi mkobani, mama yao mzazi yuko hospitali, akimvizia dada yake alegee!

Mwezi uliofuata tulikuta kufuli jipya mlangoni. Tukangoja hadi mama mdogo alipofika na ufunguo. Nilidhani Mama atamrarua.

"Mdogo wangu, kwa nini?"

"Umechoka, dada, pumzika sasa. Cherehani yako njoo uichukue Jumamosi."

Mama alimtazama polepole kuanzia miguuni hadi usoni. Akanishika mkono tukaondoka.

Njiani nilifoka. "Mama! Umemwacha hivihivi? Hata neno moja?"

"Nilikuwa natafuta aibu, mwanangu. Hata kidogo tu, ningemsamehe." Akasimama kando ya barabara. "Mabega yametua. Miguu imenielekea mimi. Anapumua vizuri kabisa. Nimemtafuta mwili mzima, sijaona kitu."