Mkebe wa Chai Kutoka Kisiwani

Mzungu aliyemnyima mtoto wangu kaburi aliletwa kwangu Bungoma ndani ya mkebe wa majani ya chai, ati nimtafutie mahali pa kulala. Aliyemleta ni mke wake. Nalisema hili mapema ili mtu asije akaniambia baadaye kwamba nilikuwa mkali bure.

Mimi na mume wangu tulikaa kwa shamba la mzungu huyo miaka mingi, upande wa Kitale unaotazama mlima. Mume wangu aliendesha maksai wa kulima. Mimi nilifua na kupiga pasi nguo za nyumba kubwa. Tulilala kwa laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kule chini karibu na mto, na hapo ndipo nilipozaa mtoto wangu wa kwanza, msichana. Alikuwa ameanza kuniokotea vibanio vya nguo vikianguka majanini wakati homa ilipomshika. Mvua ilikuwa kubwa. Dawa ya nyumba kubwa alipewa, na dawa yetu alipewa. Akafa asubuhi, uji wake ukiwa bado motoni.

Mume wangu alivua kofia akaenda kwa veranda kuomba mahali. Hakuomba pazuri. Aliomba kipande nyuma ya laini, penye mawe ambapo hata plau ya maksai ilikuwa imeshindwa. Nilisimama chini ya ngazi nikasikia yote. Bwana alikuwa anakunywa chai, na kikombe hakukiweka chini.

"Pole sana," akasema. "Lakini shamba yangu hapana makaburi. Leo nyinyi nazika mtoto moja, kesho nasema udongo hii yenu. Peleka kwenu."

Kwetu ni Bungoma. Wakati wa mvua barabara ile ni matope matupu. Memsahib, mke wa bwana, alinitumia shuka nyeupe kwa mkono wa mpishi, nimfungie mtoto. Sikuitumia. Nilimbeba mgongoni kwa leso yangu vile nilivyombeba siku zote, kwa sababu lori la Mhindi lililokuwa linapeleka mahindi lisingekubali maiti. Mume wangu alimwambia dereva mtoto ni mgonjwa. Tulipofika Kiminini akapanda mama mmoja na kuku wake, akaketi karibu nami juu ya magunia.

"Mtoto wako ana tabia, dada," akaniambia. "Wangu angelia mpaka dereva atushushe."

"Ndio."

"Analala tu."

"Analala."

"Mungu akuwekee."

Nikamwambia asante. Ningesema nini?

Tulimzika nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu, halafu tukarudi kazini, kwa sababu mkataba haukujua habari ya matanga. Ile shuka niliifua, nikaipiga pasi, nikaiweka juu ya kitanda cha memsahib. Aliitazama, akanitazama, akaifungia kabatini. Nikaandika moyoni kwamba na yeye alijua, na alikubaliana na bwana wake.

Miaka ikaenda. Tulizaa wengine, wakaishi. Siku moja kengele ya kazi ikapigwa saa isiyo yake, tukaitwa wote mbele ya stoo. Bwana akatuambia yeye na memsahib sasa ni wazee, wameuza shamba, wanaenda kupumzika kwa kisiwa huko baharini. Jina la kisiwa alilitaja lakini sikulishika, na mpaka leo sina haja nalo. Alitoa picha, ikazunguka mikononi mwetu. Nyumba nyeupe, minazi, mchanga mpaka mlangoni.

"Watalima nini kwa mchanga?" mpishi akauliza kwa lugha yetu, kichinichini.

"Hawatalima," mume wangu akamjibu. "Watakaa."

"Watakaa tu?"

"Watakaa."

"Mpaka lini?"

"Si mpaka wafe."

Watu wakacheka, na bwana akacheka pia, akidhani tumefurahia picha. Mimi sikucheka. Kwetu mtu akizeeka huvutwa karibu na jiko la watu wake. Anasumbua wajukuu, anaulizwa mahari ya fulani ilikuwa ng'ombe wangapi, anagombana na jirani kuhusu mpaka, na akifa kuna mtu wa kumlilia. Hawa, watoto wao walikuwa wameenda nchi nyingine za mbali, na wao wenyewe sasa wanaenda kuzeeka mahali ambapo hata mbwa hakuwajua. Nilisema moyoni, hawa wanakimbia nini?

Mzungu mpya alipoingia alituambia tutoke, ana watu wake. Tulifungasha, tukarudi Bungoma kwa shamba la baba mkwe. Nikashukuru. Nilikuwa karibu na mtoto wangu.

Sasa ndiyo nafika kwa mkebe.

Nilikuwa ninaanika wimbi uani wakati gari la kukodi lilipoingia, kuku wakatawanyika. Akashuka memsahib. Nilimjua kwa kofia, kwa maana mwili ulikuwa umekwisha. Kwapani amekumbatia mkebe mkubwa wa majani ya chai, ule wa kifuniko cha kubana wenye picha ya maua. Nilikuwa nimeufuta vumbi mkebe huo kwa rafu ya stoo miaka yote.

Mume wangu akamtolea kiti. Mtu huyo wangu alikuwa na upole ambao ulinichosha maisha yangu yote. Nikamletea maziwa. Akayaacha, akaweka mkebe mapajani, akasema, "Bwana iko hapa."

Nilitazama gari. Hakukuwa na mtu.

"Hapa," akasema tena, akagonga kifuniko kwa kidole.

Mume wangu alisimama, kiti kikaanguka. Memsahib akatueleza kwamba mzee aliugua kule kisiwani, wakampandisha meli, akafia Mombasa hospitalini. Wahindi wana mahali pao pa kuchomea wafu, akachomewa huko, na hili ndilo lililobaki. Sisi hatuchomi mtu. Hata mchawi tulimzika. Lakini nilinyamaza kwa sababu alikuwa analia, na mjane ni mjane.

Nikamuuliza kisiwa kilikuwaje. Niliuliza kwa ubaya, sikatai.

"Mbaya," akasema. "Mzuri kwa macho, mbaya kwa kukaa."

Akasimulia. Wazungu wazee walikuwa wengi huko, waliotoka India, waliotoka Uganda, kila mmoja na veranda yake. Jioni wanakutana kunywa, na kila mmoja anasema habari ya shamba aliloacha na boi aliyekuwa naye, na hakuna anayemsikiliza mwenzake kwa sababu anangoja zamu yake. Viatu vinaota ukungu kabatini. Bwana alikuwa anaamka kabla ya jua, anavaa buti, anatoka nje, halafu anakumbuka hakuna maksai. Aliweka kile chombo chake cha kupima mvua pale kwa mchanga, anapima, anaandika, na hakuna kilichopandwa. Alijaribu kuotesha mahindi, chumvi ikayaua. Kila siku anauliza kama Kitale imenyesha. Mwisho akasema anataka kurudi, alale pale kilimani juu ya mto, asikie ng'ombe.

"Basi mpeleke," nikasema.

"Mimi napeleka. Bwana mpya nakataa." Akajifuta pua. "Nasema shamba yake hapana makaburi."

Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka mpaka mume wangu akaniita kwa jina la baba yangu, jambo analofanya akikasirika tu.

"Na makaburi ya wazungu, pale Kitale?"

"Yeye hapana taka. Nasema huko najaa watu aligombana nao kwa klabu."

Halafu akaomba. Alituomba tumpe kipande kidogo, hapo kwetu, karibu na boma la ng'ombe. Akasema sisi ndio watu wake. "Nyinyi watu yetu," alisema hivyo, kama mtu anayehesabu vijiko vyake.

Shemeji yangu, ndugu mdogo wa mume wangu, alikuwa amefika kusikia gari ni la nani. Alikuwa mtu wa mdomo. "Si huyu ndiye alisema kaburi moja linaleta madai?" akauliza. "Leo tumpe shimo, kesho watoto wake waje na karatasi, ati babu yao amelala hapa na udongo ni wao. Hapana, bana. Hii ni ardhi yetu, wazungu hawajaiingia bado."

"Mgeni ni mgeni," mume wangu akasema. "Kwani majivu yatakula nini?"

"Hayali. Yanadai."

Wakanitazama mimi, kwa sababu walijua neno ni la nani. Nikamwambia memsahib ainuke. Nikampeleka nyuma ya ile nyumba ya zamani, palipo na jiwe na majani ya ndizi.

"Huyu ni nani?" nikamuuliza.

"Mimi hapana jua."

"Ni yule wa vibanio. Ulinitumia shuka."

Akatazama jiwe. Akasema alikumbuka, na shuka ilirudi, na aliumia kuona imerudi. Akasema yeye alidhani sisi tulitaka kumleta mtoto nyumbani, kwamba ndiyo desturi yetu.

"Nani alikuambia tulitaka?"

Akauangalia mkebe.

"Tulikatazwa," nikasema. "Tuliomba mawe nyuma ya laini, tukanyimwa. Nilimbeba mgongoni kwa lori kama aliye hai, mtu akanisifu mtoto wangu halii. Wewe uko na mkebe na gari. Mimi nilikuwa na leso na matope. Na sasa unataka udongo wangu."

Aliketi chini pale pale, na nguo yake nzuri, mkebe kando yake. Sikumwinua. Alikaa mpaka kivuli cha migomba kikamfikia. Alipoinuka hakuomba tena. Alisema atampeleka kwa makaburi ya wazungu, akalale na maadui zake.

"Na nani?" mume wangu akauliza.

"Mimi tu."

Hapo ndipo nilipokasirika zaidi, na sijui kama nitaweza kueleza. Mtu amelima nchi ya watu nusu ya maisha yake, ameamuru watu mia kwa kengele, halafu anazikwa na mwanamke mmoja na dereva wa kukodi. Hiyo ni aibu. Si aibu yake tu, hata yetu tuliomjua. Nikaingia ndani nikavaa gauni la kanisa.

"Unaenda wapi?" shemeji akashangaa. "Si umekataa?"

"Nimekataa udongo. Sikukataa kwenda. Nina neno na huyo mtu."

Kwetu maiti haiingii ardhini na maneno ya watu tumboni. Kabla udongo haujatupwa, aliyekopwa husema, aliyeudhiwa husema, mbele ya wote, na marehemu anasikia. Ukinyamaza siku hiyo, unyamaze siku zote. Mimi sikuwa tayari kunyamaza siku zote.

Tulienda Kitale kwa gari lile, mimi nyuma na memsahib mbele, mkebe mapajani mwake. Kesho yake padre alikuja, na wazungu wawili wazee kutoka klabu, mmoja na fimbo. Mlinzi wa lango alinizuia.

"Mama, boi na yaya hungoja nje."

"Mimi si yaya wa mtu."

"Basi wewe ni nani?"

Memsahib akageuka. "Mfiwa," akasema. Neno hilo alilitoa wapi sijui, kwa maana Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni. Mlinzi akafungua.

Shimo lilikuwa dogo, kama la kupandia mti. Padre akasoma. Alipofunga kitabu na kuinama kuchukua udongo, nikasema, "Ngoja."

Wakaniangalia wote. Yule wa fimbo akasema kitu kwa Kizungu, na sauti yake haikuwa ya msibani. Nikasogea mpaka ukingoni.

"Bwana," nikasema kwa Kiswahili, "unanijua. Nilikufulia. Siku mtoto wangu alipokufa ulikunywa chai, ukaninyima mawe. Ulisema tutakuibia shamba kwa kaburi la mtoto. Shamba liko wapi leo? Umeuza, ukaenda kukaa juu ya mchanga, na uliporudi ulikataliwa kwa maneno yako mwenyewe. Sikukuletea laana. Nimekuletea neno lako, uende nalo. Nimemaliza."

Padre akamuuliza memsahib nimesema nini. Nilijua atafanya nini. Nilikuwa nimewaona wazungu wakitafsiri. Unasema maneno kikapu kizima, wanatoa punje, ati anashukuru, ati anasema pole.

Memsahib akavua kofia. Akaanza. Kizungu sikijui, lakini nilifua nyumba ile miaka mingi, na maneno mengine niliyashika: mtoto, chai, mawe, mchanga. Yalipita moja moja kwa mpango niliouweka. Alipofika kwa chai alikwama, akalirudia neno. Yule wa fimbo alitazama viatu vyake. Padre hakusema amina.

Alipomaliza alinitazama kama mtu anayeuliza kama amesahau lolote. Nikatikisa kichwa. Hakuna.

Basi nikainama, nikachukua udongo wa Kitale kwa mkono wangu, udongo mwekundu ule ule, nikautupa juu ya mkebe. Ulilia kama mvua kwa mabati. Halafu nikatoka kwa lango nililoingilia, nikaenda kutafuta basi la Bungoma. Memsahib aliniita nyuma, sikugeuka. Sikuwa nimemsamehe mume wake. Nilikuwa nimemzika, na hayo ni mambo mawili.