Anatole na Goti la Fabien

Saa tisa alasiri, Jumamosi, mjini Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika. Anatole amepiga magoti mchangani kando ya uwanja, kidole gumba chake kikiwa juu ya goti la Fabien, pale penye uvimbe. Anabonyeza. Fabien anauma midomo asitoe sauti.

"Iko inauma?"

"Hapana, yaya. Kidogo tu," anajibu, akimwita kaka mkubwa kwa heshima.

Anatole anamwambia aruke kwa mguu huo mmoja. Fabien anaruka mara mbili. Ya tatu anadaka bega la Anatole asianguke.

Kesho timu ya Baraka inapanda Fizi kucheza na wenyeji wa mlimani, na Fabien ndiye mfungaji wake wa mabao. Anatole, mwenye miaka ishirini na minne, ana wiki ya sita katika kazi ambayo hapa haina hata jina. Watu wanamwita munganga wa miguu.

Anatole, mtoto wa wavuvi wa kijiji cha Nundu, amefunga vidonda zahanatini kwa miaka minne. Muuguzi mkuu alimfundisha kuzungusha bande, vitambaa vya kufungia viungo, na kukanda misuli, kisha mwenyekiti wa timu, karani Bonaventure, akamwomba awatunze wachezaji. Ana wachezaji kumi na wanne, bande sita anazozifua mwenyewe, na chupa moja ya spiriti. Malipo ni sabuni, na chakula siku ya mechi.

Wiki ya pili tu alikosea. Beki Norbert alimwapia kwamba kifundo chake kimepona, naye akamwamini. Kabla ya mapumziko kifundo kilipinduka tena. Mpaka leo Norbert anachechemea, na kuvuta nyavu hawezi.

"Kila nikimuona anapita, nashika njia ingine," anasema Anatole.

Kwa hiyo Jumamosi ile, Bonaventure alipokuja kuuliza kama Fabien atacheza, Anatole alimjibu bila kumtazama usoni.

"Papa Bonaventure, Fabien asicheze. Goti iko na maji ndani. Akigeuka mubaya, itakatika."

"We ni docteur?"

"Hapana, papa. Lakini kidole yangu inasikia."

"Sawa. Tukipigwa, bantu batauliza nani alimukataza. Mi nitabaambia."

Fabien, aliyekuwa akisikiliza, alifungua bande aliyofungwa gotini, akaitupa mchangani, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake huko Fizi walipigwa mbili bila. Dakika za mwisho mpira ulipita mbele ya lango la Fizi, hakuna mguu uliouwahi, na watu wote wa Baraka wakageuka kumtazama Anatole. Ndani ya lori, wakati wa kurudi, hakuna aliyekaa karibu naye. Aliteremka mlima wote ameukumbatia mfuko wake wa bande. Jumatatu Bonaventure akatuma mtu auchukue.

Hasira ya watu, anasema, angeivumilia.

"Nilikuwa najiuliza: na kama goti ilikuwa muzima? Kama nilimukatalia bure, juu ya woga ya mambo ya Norbert?"

Jumatano asubuhi Fabien alifika mlangoni kwake, ameegemea bega la mkewe, Émilienne. Hakuinua macho. Mkewe ndiye aliyesema.

"Shemeji, jana alijaribu mupira nyuma ya nyumba. Alipiga mara moja tu. Sasa goti imevimba kama papai. Utamuacha?"

Anatole alimketisha, akaliinua goti, akalipapasa taratibu. Lilikuwa limejaa, lakini halijakatika.

"Nilifurahi," anakiri. "Kisha nikasikia haya. Muntu iko anaumia na mi niko nafurahi kwamba nilisema kweli."

Tangu siku hiyo Fabien huja kila asubuhi. Analala mguu juu ya kigoda, kitambaa cha maji baridi ya ziwa kikiwa gotini. Anatole amemwekea wiki nne bila mpira, na hana hakika kama zitatosha. Mfuko wake haujarudi. Bande anazotumia amezichana kutoka shuka la kitandani. Kama bado ana kazi kwenye timu, hakuna aliyemwambia.

Ameandika barua hospitali ya Uvira, akiomba kujifunza habari za mifupa na misuli. Ni wiki ya tatu tangu aitume, jibu hakuna. Kila gari la posta likiingia anatoka kutazama.

"Uvira bakijibu, nitaenda, hata kwa miguu," anasema, akikamua kitambaa. "Bakikosa kujibu, kesho Fabien atakuja hapa na goti yake, na atanikuta."