Maili Mia Mbili za Mwisho

Mimi Nyamusi nilijifunza kusoma kanisani hapa Manga nikiwa tayari na wajukuu, na barua naandika polepole. Lakini katika hesabu hakuna mtu amewahi kunidanganya. Ile iliyonishinda mwaka wa 1971 niliipiga mwenyewe.

Mzee wangu, Nyangau, alikufa Jumapili, katika mvua za Aprili. Mtoto wetu wa kwanza, Momanyi, alikuwa London akisomea uhandisi. Kwetu mzaliwa wa kwanza ndiye humtupia baba udongo wa kwanza. Asipotupa yeye, watu husema boma hilo halina mwenyewe. Basi Mwalimu Alfayo akaenda Kisii mjini kupeleka simu ya maandishi, na Jumanne akaniletea jibu: "Napanda ndege leo jioni. Nisubirini."

"London mpaka Nairobi ni mbali kiasi gani, Mwalimu?"

"Maili elfu nne na mia mbili, mama. Masaa tisa."

"Na Nairobi mpaka hapa?"

"Kama mia mbili."

Nikapumua. Kama elfu nne zinaliwa kwa masaa tisa, mia mbili ni nini? Hata nusu saa hazifiki. Alfayo alitaka kuongeza neno, nikamwambia anywe uji wake.

Jumatano asubuhi nikaamuru kaburi lichimbwe. Mogaka, ndugu ya mzee, akashika jembe akasimama tu.

"Shemeji, mtoto bado hatujamwona. Kaburi likichimbwa halilali wazi. Likilala litaita mwingine."

"Chimba. Mtoto wangu ameshafika Nairobi saa hii."

Adhuhuri lilikuwa tayari, upande wa kulia wa nyumba. Nikakaa juu ya lundo la udongo. Njia sikuitazama. Nilitazama juu, kama vile ndege ingemshusha kwenye migomba yangu.

Saa kumi Mogaka akaja. "Tumweke?"

"Bado."

"Shemeji, leo maiti ni siku ya nne."

"Nimesema bado."

Jirani yetu Ombati akauliza, "Huyo wa ndege amekwama kwenye wingu?" Hakuna aliyecheka. Mvua ikashuka, maji yakaanza kujaa kaburini. Nikapiga magoti nikawa nayachota kwa kibuyu, na mvua ikiyarudisha. Wanaume wakanitazama mpaka wakashindwa kutazama.

Jua lilipokaribia kuzama nikasema, "Mwekeni." Lakini kwanza nilijaza udongo kwenye kikapu, nikakiweka chini ya paa na kukifunika kwa jani la mgomba. Ndipo Mogaka akatupa wa kwake.

Momanyi alifika Ijumaa kwa miguu, viatu mkononi, suti imelowa matope mpaka mapajani. Basi lilizama kwenye tope baada ya Sotik, watu wakasukuma siku nzima, akaliacha akapitia Nyansiongo akitembea.

"Ndege ilikuwa masaa tisa, mama," akasema, nami sijamuuliza.

Nikampa kikapu. Udongo ulikuwa umeshikana kama tofali. Akauvunja kwa vidole, akautupa juu ya kaburi lililokwisha kufunikwa.

"Huo si wa kwanza, shemeji," Mogaka akasema taratibu.

"Niliuchota kabla hujatupa wako."

Mogaka akaliokota jembe lake. Momanyi akawa anajifuta mikono kwenye suti, na mimi sikuweza kumtazama usoni.