Fomu Niliyoijaza kwa Penseli

Siku tulipokwenda shuleni kuchukua matokeo ya kidato cha sita, mkuu wa shule alitugawia fomu za kuomba chuo na onyo moja: "Jazeni kwanza kwa penseli. Mkishakubaliana na wazazi, pitisheni kalamu, mniletee nigonge muhuri." Fomu ilikuwa na mistari mitatu: chaguo la kwanza, la pili, la tatu. Jamani, mistari mitatu tu, na ilinitesa kuliko mtihani wenyewe.

Sikujua ninachotaka. Nasema ukweli, sikujua. Kemia, baiolojia na jiografia nilizisoma kwa sababu ndizo nilizofaulu kidato cha nne, na hakuna aliyewahi kuniambia zinanipeleka wapi. Asubuhi niliandika uuguzi, mchana nikafuta nikaandika misitu, jioni nikafuta tena. Mama alikuwa anamenya ndizi za mtori, akanitazama, akacheka. "Endelea kufuta, wewe. Utaitoboa hiyo karatasi tumwone ng'ombe kwa upande wa pili."

Mwishowe kwenye mstari wa kwanza nikaandika kilimo, Morogoro. Sababu yake naona aibu kuisema. Nilipokuwa darasa la sita alikuja kihambani kwetu, kwenye migomba na kahawa inayozunguka nyumba, bibi shamba mmoja amevaa suruali, anaendesha pikipiki. Akapasua tawi la mbuni uliougua, akanionyesha palipooza. Alinieleza mimi, siyo baba. Basi ndiyo hiyo. Hadi leo sijui kama nilipenda kilimo au nilipenda pikipiki.

Na mwaka ule wa fomu ndio baba alipong'oa kahawa. Bei ilikuwa imeanguka, dawa za kupulizia hazishikiki. Zamani kung'oa mbuni ilikuwa kesi. Mwaka ule kila ukipita njiani unasikia shoka. Baba akapanda nyanya mahali pake, na hakutaka kusikia mtoto anataja shamba. "Hakuna mtoto wangu atakayekula udongo kama mimi," alisema, huku jembe liko begani.

Kwa hiyo niliogopa kumwambia kwa mdomo. Zilipobaki siku mbili fomu zifungwe, akasema anashuka mjini kuuza nyanya, nimpe fomu aipeleke shuleni. Nikampa ikiwa bado na penseli. "Baba, nipitishie kalamu, wewe una mwandiko mzuri." Kweli alikuwa na mwandiko mzuri. Lakini mimi nilichokwepa ni kushika kalamu, ili mambo yakiharibika nisilaumiwe. Aliisoma palepale amesimama, akaikunja, akaitia mfuko wa koti. Nikadhani amekubali.

Barua zetu zilikuja kwa sanduku la usharika, majina yanasomwa baada ya ibada. Jumapili moja likasomwa langu. Nikafungua bahasha nje ya kanisa, watu wamenizunguka. Nimechaguliwa: ualimu wa sayansi, Dar es Salaam. Vigelegele! Mimi nimesimama kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake. Ualimu? Mbona sikuandika ualimu? "Hongera, mwalimu!" Naitikia asante. Nikajipa moyo kwamba wamenichanganya na mtu mwingine.

Jumatatu nikashuka Moshi mjini, moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa shule.

"Shikamoo, mwalimu. Kuna makosa kwenye barua yangu."

"Marahaba. Makosa gani?" Akaisoma. "Mbona ndivyo ulivyoomba? Baba yako alijazia hapahapa mezani kwangu. Aliniomba ufutio. Nikajua umemtuma."

Ufutio! Moto ukaniwaka kuanzia masikioni. Nilipanda mlima naongea peke yangu, waliokutana nami wakanipisha. Baba nikamkuta anamkatia ng'ombe vigogo vya migomba.

"Baba, ulibadilisha fomu yangu?"

"Nilibadilisha."

Basi. Akaendelea kukata. Kama ningekuwa na hakika na kilimo, ningekasirika vizuri. Lakini nimempa mtu penseli yangu aipitishie kalamu, sasa nimlaumu kwa lipi? Siku nne sikusema naye. Namwekea chakula mezani, naondoka. Mama akanikanya: "Huyo ni baba yako, siyo mdogo wako."

Siku ya tano asubuhi baba akaja mlangoni mwa jiko na jani la isale, amelifunga fundo. Isale ndio mti tunaopanda mipakani, na kwetu Wachagga jani lake ndilo la kuombea msamaha. Ukiletewa, hulikatai. Ukishalipokea, jambo lile limekwisha, halitajwi tena. Nilishaona wazee wakipelekeana. Baba kumpelekea binti yake, hilo sikuwahi kuliona wala kulisikia.

"Nilikosa," alisema. "Niliona neno kilimo, nikaona mgongo wako umeinama kama wangu. Lakini nilikosa."

Mama akatazama pembeni. Nilitaka kumwambia ngoja kwanza, baba, sijajua hata umeninyang'anya nini. Lakini unamwachaje mzazi wako amesimama mlangoni na isale mkononi? Nikaipokea kwa mikono miwili.

Hasira yenyewe ilinikuta mwaka wa pili, Dar, niko kwenye foleni ya chakula. Nikaangua kilio mbele za watu, na nilipoulizwa kulikoni nikashindwa kueleza. Likizo nikirudi nyumbani, tulizungumza na baba habari za nyanya, mvua na ng'ombe. Lile hapana. Nikamaliza, nikafundisha, nikawa mwalimu wa miaka mingi, sijui mzuri au wa kawaida tu.

Baba alipougua ugonjwa wa mwisho, mimi ndiye niliyemlisha. Asubuhi moja akaushika mkono wangu wenye kijiko, akaniangalia sana.

"Na huo ualimu," akasema, "unaupenda?"

Maneno ya miaka yote yakanijaa mdomoni.

"Kunywa uji, baba," nikamwambia. "Unapoa."