Povu la Mkunazi

Kwenye saluni moja ya Mbezi Beach wanauza shampuu ya majani ya mkunazi. Msusi ananisifia kichupa kisichojaza hata kiganja, utadhani mkunazi kaugundua yeye. Nafungua, nanusa, nasonya.

Harufu ile ile. Kule Chanika bibi yangu aliyatwanga majani hayo kinuni, akaniinamisha juu ya beseni, povu la kijani likanitiririka hadi masikioni.

"Bibi, haya si ya kuoshea maiti? Mie nataka shampuu ya dukani!" Nikasonya.

"Siku yangu ikifika utanitwangia mie," alisema, akizidi kusugua. "Na hutasonya."

Msusi ananiuliza kama nimewahi kuyatumia majani haya. Namjibu niliyatwanga mara moja tu, na si kwa nywele zangu.