Swali Aliloliruka Baba

Baba alirudi kutoka Mbeya na daftari la jalada la bluu, na ndani yake maswali kumi na mawili aliyoyaandika kwa herufi kubwa kama za mtoto wa shule. Alikuwa mganga msaidizi wa zahanati ya Idodi, lakini kila mtu alimwita daktari, kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Alitibu malaria na minyoo, alishona majeraha ya wachungaji, alizalisha wajawazito pale mkunga alipokuwa safarini. Mtu aliyeumwa akili aliletwa amefungwa kamba. Baba alimchoma sindano ya usingizi na kumwandikia barua ya kwenda mjini. Hayo ndiyo aliyoyajua mpaka alipoitwa kwenye mafunzo ya wiki sita.

Mwalimu wao kule Mbeya alikuwa muuguzi, mama mtu mzima aliyefanya kazi miaka mingi katika wodi ya wagonjwa wa akili. Baba alimwogopa. Mwalimu aliwapanga wawili wawili, mmoja daktari, mmoja mgonjwa wa kuigiza, naye akawasikiliza amefumba macho. Baba alifanya vizuri hadi alipofika swali la mwisho: Je, umewahi kuwaza kufa, au kujiua? Mdomo ukamkatalia. Kwetu mtu hamtamkii mwenzake kifo usoni. Ukikitaja umekiita, na kikija utaulizwa wewe. Kwa hiyo baba akasema, "Huna mawazo mabaya mabaya?" Mgonjwa wake akajibu hana.

Mwalimu akafumbua macho. "Umemwuliza ili akujibu hana," alisema. "Uliza ulichokuja kuuliza. Halafu nyamaza."

Cheti hakupewa. Aliagizwa arudi kituoni, ahoji watu kumi kwa maswali yote kumi na mawili, aandike majibu, kisha apeleke daftari.

Mtu wa kwanza nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilijifunga kanga kiunoni ili nifanane na mgonjwa.

"Karibu, mama. Unasumbuliwa na nini?"

"Watoto, daktari. Wananila."

"Usingizi je, unaupata?"

"Ningeupata, mume wangu anakoroma."

"Mgonjwa huyu ana adabu mbovu," baba alisema huku akiandika, na jikoni nikamsikia mkunga, aliyekuja kuomba chumvi, akicheka. Mama alikuwa jikoni pia. Mama hakucheka.

Baba alipofika swali la kumi na mbili hakulisoma. Aliandika tu: Hapana. Nililiona neno hilo kwa sababu mimi ndiye niliyempigia mistari kwenye daftari. Akamhoji mkunga, mpiga bandeji, mlinzi, majirani; pamoja nami tukawa tisa. Kila aliyemhoji, swali la mwisho lilijibiwa na kalamu ya baba peke yake. Hapana. Hapana. Hapana.

Mimi nilikuwa na jambo ambalo sikuweza kumwambia. Mdogo wangu alikuwa na miezi miwili. Mama alizaliwa Mlandege, Iringa mjini, katika nyumba ya wafanyabiashara, na alikuwa mtu wa maneno. Akisimulia, maharage yaliungulia jikoni. Tangu alipojifungua alinyamaza. Nyumba ilikuwa safi kuliko zamani. Ndiyo maana baba hakuona kitu. Lakini mama alianza kunifundisha. Uji wa mtoto unachujwa hivi. Akilia kwa sauti hii ni tumbo, kwa sauti hii ni njaa. Mchana mmoja alifungua sanduku lake na kugawa kanga zake juu ya kitanda. "Hizi zako. Hizi za mdogo wako akikua."

"Unasafiri, mama?"

"Sisafiri," alisema, akatabasamu, akaendelea kugawa.

Kuanzia siku hiyo nilimfuata kila mahali. Mtoni nilikwenda nyuma yake. Shuleni nilikataa kwenda, nikisema tumbo linauma, na baba akaninywesha dawa ya minyoo mara mbili katika wiki moja. Nilikuwa nikiamka nasikiliza kwanza kama kuna mtu anafagia uwanja. Nikisikia ufagio, napumua. Ningemwambia nini baba? Kwamba mama ananifundisha kupika uji? Na lile neno lenyewe nililiogopa kama yeye. Niliamini nikilitoa mdomoni, litatembea lenyewe mpaka kwa mama.

Jumapili moja alasiri mama alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, anachambua mchele kwenye ungo. Mtoto alilala kwenye mkeka. Baba akavuta kigoda.

"Mama watoto, wewe utakuwa wa kumi."

"Mimi nina nini cha kuhojiwa?"

"Huna kitu. Ndiyo maana. Nataka nimalize daftari."

Unalala? Nalala. Unakula? Si unaniona. Unachoka? Nani hachoki. Baba aliandika haraka haraka, kama mtu anayeona nyumba yake kwa mbali. Akafika la kumi na moja. Kalamu ikashuka kwenye la kumi na mbili, nikaiona inaanza kuandika herufi ya kwanza ya Hapana.

"Baba, hilo hujauliza."

Aligeuka taratibu. "Hilo si la kumwuliza mama yako."

"Na mimi hukuniuliza. Mkunga naye hukumwuliza." Sijawahi kusema na baba namna ile, wala kabla wala baadaye.

"Chukua ndoo, nenda kachote maji."

Sikwenda. Nilijua nikienda mtoni nitarudi nikute daftari limefungwa. Mama aliendelea kupepeta, uso chini.

"Uliza ulichofundishwa, baba watoto," alisema.

Baba akaondoka kwenye kigoda, akakaa chini, mavumbini, na suruali yake ya kazi. Akaliuliza lile swali neno moja moja. Ungo ukasimama.

"Kila siku," mama akasema. "Tangu huyu azaliwe. Asubuhi ndiyo zaidi."

Baba alifungua mdomo. Nilijua kinachokuja: usiseme hivyo, mke wangu. Ndivyo tunavyosema sote. Lakini akaufunga. Akanyamaza, na katika ule ukimya, uliokuwa mrefu hata nikasikia inzi juu ya mchele, mama alianza kusema. Kwamba anamsikia mtoto akilia hata wakati mtoto amelala. Kwamba anaona sisi tungekuwa salama zaidi bila yeye. Kwamba alikuwa ananifundisha ili nisije nikapata taabu. Hofu yangu ilikuwa imetamkwa hadharani, na mama alikuwa bado amekaa pale, ana punje za mchele kwenye vidole.

Siku ile hakuachwa peke yake hata dakika moja. Mkunga alihamia kwetu. Kesho yake tulipanda basi la Iringa. Mlandege tulimkuta bibi mlangoni.

"Shikamoo, mama," baba alisema, macho chini kama impasavyo mkwe.

"Marahaba." Alimsikiliza hadi mwisho. "Mtu ana mume daktari, nyumba ya bati, mtoto mzima. Anataka nini tena? Aitwe shehe amsomee."

"Asomewe, mama. Dua sina ubaya nayo. Ila keshokutwa tunakwenda Mbeya, kwa mwalimu wangu."

"Na watu utawaambia nini?"

"Nitawaambia anaumwa."

Waliondoka na mtoto, mimi nikabaki. Wiki tatu. Kila kanga iliyopita kwenye geti niliitazama kwanza, ndipo nikautazama uso. Bibi alisali kwa sauti ya chini na akanifokea kwa kukaa barazani kama ombaomba, kisha naye akaja kukaa.

Walirudi alasiri. Mama alikuwa amekonda, ana vidonge kwenye mkoba. Aliomba chai akasema haina sukari. Bibi alimwongezea vijiko viwili.

Baba alimweleza mwalimu wake ukweli wote. Mwalimu alichora mstari juu ya kurasa tisa za daftari. "Wa kumi umemaliza," alimwambia. "Rudi kwa tisa." Akarudi. Akatuuliza upya, amekaa chini. Sitasema ni nani, lakini katika wale walioandikiwa Hapana, mmoja alijibu ndiyo.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwasalimu. Sasa naandika vitabu, na mama husema nimeurithi mdomo wake. Aliniita chumbani. Nikamkuta ameinama juu ya sanduku lile lile, kanga zimetandazwa kitandani.

"Chukua hii," alisema.

Nilikaa chini, sakafuni. "Mama, unawaza kufa?"

"Leo hapana. Wakati wa Ramadhani mawazo hayo yalinijia kidogo, nikamwambia baba yako, tukaenda kuchukua dawa." Akanitupia ile kanga mapajani. "Hii nakupa kwa sababu rangi yake inanizeesha."

Nikaipokea, nikashukuru. Lakini kabla hajafunga sanduku nilizihesabu zilizobaki.