Simu Iliyotafuta 3G Pekee

Ndugu yangu alikuwa na ugonjwa wa kuchokora simu. Ile 3G ilipofika Kitale mjini, aliingia kwenye mipangilio akaifungia simu yake isitafute netwaki nyingine yoyote. "Hiyo ya zamani ni ya wazee," akaniambia. "Hii inakimbia, bana." Nilimwambia aache ujinga. Wapi!

Haikupita wiki, baba akashikwa na tumbo akiwa kazini Bungoma. Mama na ndugu yangu walimkimbilia hospitalini huko, mimi nikabaki nyumbani Kitale na baba mkubwa, ambaye miguu ilikuwa imemkataa. Asubuhi mama alitupigia kwa simu ya baba. Utumbo umejisokota, akasema, daktari anataka kumpasua sasa hivi. Kwetu mtu hapasuliwi mpaka mkubwa wa boma aseme neno, na baba mkubwa aliogopa kisu kuliko kifo.

"Msimguse kwanza," akasema. "Acheni nifikirie." Hapo simu ya baba ikaisha chaji.

Tukapiga ya ndugu yangu. Mteja hapatikani. Nikapiga mpaka jua likapita utosini, kidole kikauma. Halafu nikakumbuka ile 3G. Huko Bungoma ilikuwa haijafika! Watu wote pale hospitalini wanaongea na simu zao, yake peke yake inahangaika kutafuta kitu ambacho hakipo. Angebonyeza mara mbili tatu tu ingeshika, na sikuwa na njia ya kumwambia. Nilimtukana nikiwa jikoni peke yangu, matusi ya kweli.

"Kwa hivyo wananingoja mimi?" baba mkubwa akauliza.

"Wanakungoja wewe, Baba! Na mtu anakufa!" Sikuwa nimewahi kumpaazia sauti kabla ya siku hiyo.

Ndipo nikamkumbuka shangazi anayeuza ndizi karibu na ile hospitali. Nikampigia nikamwambia aache ndizi zake, akimbie wodini ampe mama simu. Tukakaa tukiiangalia simu yangu mezani. Baba mkubwa alikuwa akisema na Mungu chini chini.

Ilipolia niliweka sauti ya juu. Alikuwa mama.

"Shemeji, nilitia sahihi apasuliwe. Wameshamtoa thieta. Amefungua macho, ati anataka chai."

Nilipiga kelele ya furaha. Baba mkubwa hakucheka.

"Bila kuniuliza?"

"Nesi alinipa simu yake nikupigie," mama akasema. "Nikaikataa. Daktari alisema tukikawia tumempoteza, na mimi nilijua utanijibu nini."

Simu ikakatika. Nilingoja baba mkubwa afoke, maana nilimjua. Badala yake alivua kofia akaiweka magotini.

"Angeniuliza," akasema, "ningekataa."

Kisha akajifunika uso kwa mikono, akalia mbele yangu.